Mvua hakuileta yeye, lakini dimbwi aliliona

Mhariri, habari za kazi na pole na majukumu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti moja tunasoma watu sita hapa Mwaloni Kirumba afu jioni linaishia kufungia dagaa, msinune, ndo maisha ya gazeti. Leo naomba nafasi nimjibu yule msomaji mwenzetu aliyeandika kwamba kuendesha gari bila ustaarabu sio jambo la kupelekana polisi wala mahakamani, eti adabu mtu anafundishwa na mama yake nyumbani, sheria ikae na walevi na wenye leseni feki huko.

Nikiri kwanza, barua yake ningeisoma mwaka jana ningempigia makofi. Kwani mi ni nani nidai mtu afungwe kwa sababu hakunipisha? Mi mwenyewe guta langu, ile baiskeli ya matairi matatu ya kubebea mzigo, likija kupakia linasimama vibaya njiani na nikipigiwa honi huwa nageuka nasema maneno ambayo hapa siandiki. Kwa hiyo msinione malaika.

Sasa sikilizeni kilichonikuta mwezi wa tatu, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi imekata, jua linachomoza lile la kudanganya. Nimeshanunua viroba vitatu vya dagaa wakavu, dagaa wazuri waliokaukia kwenye chanja sio wale wa mchangani, nimepakia kwenye guta na mi nimekaa juu ya viroba kama kawaida yetu, tunatoka kuitafuta Makongoro Road. Pale njiani kuna dimbwi, dimbwi lenyewe tunalijua wote, lina umri kuliko watoto wa watu wengine. Kijana wangu wa guta akabana pembeni taratibu. Nyuma yetu inakuja gari, nyeupe, ya juu, vioo vyeusi, nikaiona na nikajua kabisa yule dereva na yeye katuona maana alipiga honi. Alipiga honi, Mhariri! Yani alituarifu kwamba anakuja, afu akakanyaga mafuta akapita katikati ya dimbwi.

Maji yale hayakuja kama maji, yalikuja kama mtu amekumwagia beseni la uji. Khanga, uso, simu kwenye mkono, na viroba vyote vitatu. Wale mnaojua dagaa mnajua, dagaa mkavu akipata maji ya mvua unaweza kumwanika tena, lakini akipata maji ya tope la barabarani lenye oili na mavi ya ng'ombe huyo sio chakula cha mtu tena. Kiroba cha juu niliokoa nusu, hiki cha pembeni kilichopokea kofi lote nikamuuzia mtu wa chakula cha kuku kwa bei ya kuomba. Nilipiga hesabu jioni hasara ilikuwa sh 45,000 na hapo sijahesabu simu.

Bodaboda mmoja aliyekuwa anaangalia akaniita, mayu (yani mama) panda tumuwahi huyu. Nikapanda hivyohivyo natiririka. Tukamkuta kwenye foleni mbele kidogo, nikagonga kioo, kikashuka nusu, ubaridi wa AC ukanipiga usoni. Kijana tu, mtanashati, anaweza kuwa mwanangu wa pili. Nikamwambia baba angalia ulichonifanya. Akaniangalia kweli kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Mama, mvua sijaleta mimi." Kioo kikapanda.

Kulikuwa na askari hapo jirani nikamfuata, alinisikiliza vizuri wala sitamsema vibaya, akauliza amekugonga? Nikasema hapana. Ameligonga guta? Hapana. Basi mama hapo hakuna kesi, kaoge. Na hapo ndo nilipoanza kufikiri vizuri maneno ya mwenzetu kwamba adabu ni ya nyumbani. Sawa ni ya nyumbani, lakini huyu kijana kama kwao wameshindwa au wamesahau, sh 45,000 zangu nazidai kwa mama yake?

Binti wa dada yangu anasoma sheria, nikamsimulia nikitegemea anipe pole, akacheka akasema shangazi mbona hilo ni kosa toka hujazaliwa. Akanifungulia kwenye simu Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, ile Sura ya 168, kuna sehemu inasema ni kosa kuendesha bila uangalifu au bila kuwajali watu wengine wanaotumia barabara. Nikamwambia rudia hapo. Kuwajali watu wengine. Toka 1973! Yani hapa tunabishana kama itungwe sheria ya kuadhibu ukosefu wa ustaarabu na sheria yenyewe imekaa kabatini miaka 50 na ushee inasubiri mtu aifute vumbi. Kwa hiyo mwenzetu unayesema adabu isiingie kwenye sheria, umechelewa, ilishaingia. Swali lililobaki ni kwa nini haifanyi kazi.

Na mi jibu langu, naomba nisamehewe kama nakosea, ni kwamba barabarani kwetu linalokaguliwa ni gari, dereva hakaguliwi. Faya ipo? Triango ipo? Bima? Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama umebandika? Vyote vipo, haya nenda. Mtu anaweza kutoka Igoma mpaka mjini ametanua mara tatu, yani kapita pembeni ya barabara kuruka foleni, amechomekea watu kumi, amewatoa watoto wa shule mbio kwenye zebra, na makaratasi yake yote ni masafi kabisa. Anayeandikiwa ni yule mzee wa Probox mwenye indiketa iliyokufa ambaye amempisha kila mtu toka asubuhi.

Mwenzetu atasema basi tuwatie watu aibu, jamii ikemee. Nakubali aibu inafanya kazi, nimeiona kwa macho yangu. Miaka ile kabla ya daraja la kuvukia ziwa, tunaenda msibani Sengerema, tumefika Kigongo foleni ya pantoni imerudi mpaka huko nyuma, watu wameshuka kwenye mahaisi wanakula mayai ya kuchemsha. Ikaja dabo kabini ikapita pembeni ya foleni yote ikaenda kuchomeka pua mbele kabisa. Hakuna aliyetukana. Watu walitembea tu, mmoja mmoja, wakaenda kusimama kuzunguka lile gari, akina mama na mabeseni yao ya mayai, makonda, watoto, kimya. Dereva akashusha kioo akasema jamani mi nina msiba. Mzee mmoja akamjibu taratibu, "Baba, na sisi." Ile gari ilirudi rivasi mpaka mwisho wa foleni, na ilikuwa mbali kweli.

Lakini angalieni kwa nini ilifanya kazi. Pantoni lilikuwa halijaja, hana pa kukimbilia, sura yake tunaiona na saa nzima ijayo tutakuwa nae kwenye chombo kimoja majini. Leo tuna Daraja la JPM, lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa unapita kwa dakika chache na mi nashukuru sana kwa sababu samaki wetu walikuwa wanaoza kwenye foleni ile, ila pale darajani nani atamzunguka nani? Ukichomekewa unaona taa nyekundu zinapotelea Busisi huko. Aibu inataka mtu asimame, na gari halisimami. Kule Ukerewe nilikokulia ukimpita mtu mzima bila salamu taarifa inafika nyumbani kabla yako na fimbo inakusubiri mlangoni. Mwanza hii ya watu wote hawa, mwenye vioo vyeusi mama yake nitamjulia wapi?

Kuna kitu kingine mwenzetu hakukigusa na kwangu ndo kikubwa. Mdogo wangu anaendesha haisi, mwaka wa tisa huu. Sio mtu mbaya. Zamani alikuwa anasimama kwenye zebra, mpaka konda wake anamnunia. Siku moja asubuhi, upande wa Nyakato, akasimama kumvusha mtoto wa shule, mtoto ana kidumu cha maji mkono huu na fagio la chelewa mkono huu, kama watoto wetu wote. Mtoto akaona haisi imesimama, akaingia barabarani kwa imani. Gari iliyokuwa nyuma ya mdogo wangu ikaona huyu anachelewesha watu, ikaovateki. Hapohapo juu ya zebra. Mdogo wangu anasema alichoona ni fagio linaruka. Mungu mkubwa, mtoto aliruka nyuma, kilichogongwa ni kidumu. Maji yalimwagika barabarani na mtoto akasimama anakiangalia kile kidumu analia, hajui kama amenusurika kufa, analilia kidumu kwa sababu mwalimu atamchapa.

Toka siku hiyo mdogo wangu hasimami zebra akiwa na gari nyuma yake. Ananiambia dada, nikisimama peke yangu namuita mtoto wa mtu aje kufa. Na nimekaa nimetafuta pa kumpinga nikakosa. Ustaarabu wa dereva mmoja katikati ya madereva kumi wasiosimama ni mtego kabisa. Wote wasimame au asisimame mtu, na kuwasimamisha wote hakuna mama wa nyumbani anayeweza, hapo inabidi serikali. Simama siku moja uangalie watoto wanavyovuka zebra hapa mjini, wanakimbia. Yani kivuko alichotengenezewa mtembea kwa miguu apite kwa haki yake, sisi wenyewe wazazi ndo tunamwambia mtoto ukifika pale kimbia.

Na msiniambie watu hawabadiliki kwa sheria. Nani alimfundisha dereva wa basi kupunguza mpaka 50 akifika kwenye makazi njia ya Shinyanga? Upendo wa wanakijiji? Ni tochi, kile kifaa cha askari cha kupimia mwendo. Walianza kwa kuogopa tochi, leo wengine mguu unaachia mafuta wenyewe wakiona tu kibao. (Tena hapo kwenye tochi madereva wetu wana ustaarabu wa ajabu, wanawashiana taa toka kilomita mbili kuambiana kaka angalia mbele kuna watu. Kwa hiyo adabu wanayo, wanachagua tu wa kumpa.)

Wenzetu huko nje hili walishaacha kubishana. Uingereza sheria yao ya 1988 inasema karibu vilevile na yetu, kuendesha bila kuwajali wengine ni kosa, na 2013 wakaongeza kwamba askari anaweza kumaliza hapohapo barabarani, pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni, walikuwa wanawalenga hasa wale wanaomgandia mtu nyuma na wanaong'ang'ania leni ya katikati. Pointi zikifika 12 ndani ya miaka 3 leseni iko hatarini. Japani ndo walikaza zaidi. 2017 kuna dereva kule aliambiwa neno kuhusu alivyopaki sehemu ya kupumzikia, akakasirika, akaifukuzia ile gari ya familia akailazimisha kusimama katikati ya barabara kuu ya mwendo kasi, lori likaja likawagonga, baba na mama wakafa na mabinti zao wawili walikuwepo. Nchi nzima ikalia. Juni 2020 wakaweka kosa linalojitegemea la kumwandama mwenzio barabarani, kumgandia, kumfungia breki za makusudi, kumpigia honi za fujo, unaweza kula mpaka miaka 3 jela au faini mpaka yen 500,000 na leseni wanafuta. Na hii ndo iliyonifurahisha mimi, sheria yao ya barabarani imeandika kabisa kwamba dereva akipita kwenye tope apunguze asimrushie mtu. Nilivyosomewa hapo nikasema jamani kumbe Wajapani nao walishamwagiwa.

Sasa nije kwenye hofu, maana hata mimi ninayo. Mdogo wangu aliposikia naandika barua hii alisema dada unatuchongea. Anasema ikianza hiyo sheria atakayeumia ni haisi na bodaboda, lile shangingi litapita. Na ana hoja. Faini ya papo kwa papo kwa gari ni sh 30,000, ya bodaboda na bajaji ilishushwa 2021 ikawa 10,000, na walifanya vizuri maana kuna siku bodaboda hiyo 10,000 yenyewe haioni. Ila 30,000 kwa yule kijana wa kioo cheusi ni nini? Ni mafuta ya kupashia gari asubuhi. Atanirushia tope Jumatatu analipa, Jumanne ananirushia tena na kulipa tena, kama kununua vocha. Ndo maana mi natamani iwe kwenye leseni zaidi kuliko kwenye pesa, maana leseni tajiri na maskini wanayo mojamoja. Na uliyemharibia mali umlipe yeye kabla hujailipa serikali. Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu wa kibinafsi, mnajua sababu.

Halafu kuna suala la hesabu. Dereva wa haisi asubuhi anaamka anadaiwa, bosi anataka hesabu yake jioni mvua inyeshe isinyeshe, mafuta juu yake, konda juu yake, kikibaki ndo chake. Deiwaka ndo kabisa, kapewa gari masaa manne tu ajitafutie. Mdogo wangu ana msemo wake, ustaarabu haujazi hesabu. Namuelewa. Lakini yule aliyenimwagia mimi hakuwa na hesabu ya mtu, hakuwa na abiria, alikuwa na AC na mziki. Kwa hiyo umaskini usitumike kama kinga ya kila mtu, kuna wanaokimbizwa na njaa na kuna wanaokimbia tu.

Na mipaka iwepo. Sitaki mtu aandikiwe kwa sababu amenuna, au hakuwasha hazadi kusema asante, au kapiga honi moja zaidi. Tukienda huko askari wataandika mkoa mzima na jioni watajiandika wenyewe. Matusi yana sheria yake tayari. Mi nasema yale ambayo mtu yeyote akisimama pembeni anayaona bila kuuliza moyo wa dereva unawaza nini: hukusimama kwenye zebra na mtu yupo, umeovateki gari lililosimama kwenye zebra, umetanua, umefunga njia panda wakati unaona mbele hakuendeki, umemmwagia mtu tope na nafasi ya kupunguza ulikuwa nayo, umemulika fulu usiku mpaka mwenzio anaendesha kwa kukisia. Hilo la taa wanaotoka minadani usiku na ng'ombe wanalijua, unapofuka sekunde tano nzima na ng'ombe hana riflekta.

Ushahidi je? Siku hizi kila mtu ana simu, kwenye haisi moja iliyokuwa nyuma yangu siku ile kulikuwa na abiria kumi na nne wote wamegeuka wanacheka, mmoja wao nina uhakika alirekodi, maana jioni mtoto wangu aliniambia mama nimekuona kwenye status ya mtu. Namba ya gari ilionekana vizuri tu. Wa kumpelekea ndo hakuwepo.

Dimbwi lile lipo bado, Mhariri, vuli ikianza litajaa tena, na huyo mwenye kujenga barabara nae nina barua yake, nitaileta siku nyingine. Kijana wangu wa guta siku hizi akifika pale anasimama kabisa, anageuka kuangalia nyuma, ananiuliza mayu tupite au tumsubiri huyu kwanza. Huwa nachungulia. Ikiwa ni nyeupe ya juu tunasubiri, na viroba siku hizi nafunika turubai hata kama ni kiangazi.

Muuza dagaa,
Kirumba, Mwanza